Chora mti wa urithi wa familia yako: anza na damu, achana na pua

Kila nikianza kufundisha mada ya urithi, darasa zima hutaka kuzungumzia pua. Pua ya babu, masikio ya shangazi, kidole cha mama mdogo kilichopinda. Nami huwakatalia. Watu wawili wakiitazama pua ileile, mmoja ataiita ndefu na mwingine ataiona ya kawaida tu, na hapo huna pa kuanzia. Isitoshe, umbo la pua, kimo na rangi ya ngozi havitawaliwi na jeni moja, yaani kipande kimoja cha vinasaba kinachobeba maagizo ya sifa. Kimo peke yake kinaguswa na maelfu ya sehemu za vinasaba, kisha lishe na maradhi ya utotoni navyo vina sehemu yake.

Ukitaka kuuona urithi ukifanya kazi ndani ya ukoo wako, chagua kitu kinachopimika: kundi la damu, selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi, sickle cell), ualbino, upofu wa rangi. Lile jaribio la kukunja ulimi uwe kama mrija, ambalo bado linafundishwa, liache. Pacha wa yai moja wana vinasaba vilevile, na bado hutokea mmoja akaukunja na mwenzake akashindwa.

Tafuta karatasi kubwa na penseli. Kalamu hapana, maana utafuta sana. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Baba na mama waunganishe kwa mstari wa kulala, katikati yake teremsha mwingine, na chini panga watoto kuanzia kifungua mimba kushoto hadi kitinda mimba kulia. Kila kizazi kikae safu yake. Mwenye sifa unayoifuatilia mtie weusi umbo zima; anayebeba jeni bila kuonyesha dalili mtie weusi nusu. Marehemu mpitishie mstari wa mshazari. Usiyemjua mwekee alama ya kuuliza, usimbunie. Na watoto wa mama tofauti wape mistari tofauti. Hapo ndipo watu hupenda kuficha, lakini mti uliofichwa tawi utakupa jibu la uongo.

Kisha nenda kwa wazee. Ukimuuliza bibi kama kwenye ukoo kuna mwenye selimundu, huenda akasema hakuna, kwa kuwa enzi zake ugonjwa haukuitwa hivyo. Muulize alichokiona: je, kulikuwa na mtoto aliyelia kwa maumivu ya mifupa, vidole vikimvimba, macho yakigeuka manjano, akawa wa kuongezwa damu? Watoto waliofariki wadogo ndio hasa wanaosahaulika kwenye michoro, na mara nyingi wao ndio jibu. Uliza faraghani. Akinyamaza, mwache.

Sasa kuusoma. Seli ya mwili ina kromosomu 46, yaani nyuzi zinazobeba jeni, zilizo jozi 23, na katika kila jozi moja ilitoka kwa baba, moja kwa mama. Kwa hiyo karibu kila jeni unayo nakala mbili, na mtoto wako utampa moja tu. Mtawa Gregor Mendel aliliona hilo kwa njegere na kulichapisha mwaka 1866, wakati hakuna aliyejua jeni ni nini. Dunia ilikuja kumzingatia mwaka 1900.

Makundi ya damu, aliyoyagundua daktari Karl Landsteiner karibu na mwaka huo wa 1900, ndiyo mazoezi bora. Jeni yake ina sura tatu: A, B na O. A na B zikikutana zote huonekana. O hujificha mbele ya yeyote kati yao. Chora mraba wa vyumba vinne: juu andika nakala mbili za mama, pembeni nakala mbili za baba, kisha jaza. Mama wa kundi A aliyebeba AO, na baba wa kundi B aliyebeba BO, watapata AB, AO, BO na OO. Ndiyo, OO: mtoto wa kundi O kwa wazazi wasio O hata mmoja. Nyumba zimewaka moto kwa jambo hili, na mama akatajwa vibaya bure. Mzazi wa AB kupata mtoto wa O, hilo kwa kawaida haliwezekani, ila zipo hali adimu, kama ile iliyoelezwa Bombay mwaka 1952, ambapo damu husomeka O ingawa jeni ya A au B imo. Mraba wa penseli si ushahidi wa kumshtaki mtu. Mwenye shaka ya kweli akapime vinasaba.

Selimundu fanya kwa sarafu mbili. Kila moja iandike A upande mmoja na S upande wa pili (A hii ni ya hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, si ile ya kundi la damu). Moja ni baba mbebaji, nyingine mama mbebaji. Rusha zote pamoja: SS ni mtoto mgonjwa, AS ni mbebaji, AA hana S. Uwezekano ni robo, nusu, robo. Rusha mara nne tu na huenda SS ikatoka mara mbili, au isitoke kabisa. Hili ndilo ninalolirudia hadi wanafunzi wanachoka: ile robo ni ya kila mimba. Aliyepata mtoto mgonjwa hajamaliza zamu yake, na aliyepata watatu wazima hana deni la wa nne.

Mti ukionyesha sifa inayoruka kizazi, watoto wakiwa nayo na wazazi hawana, jeni hiyo ni ya kujificha. Ualbino huenda hivyo. Ikiwa wenye nayo ni wanaume zaidi, na inapitia kwa mama zao, itazame kromosomu ya X (mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X moja na Y moja). Baba mwenye upofu wa rangi nyekundu na kijani huwapa jeni hiyo binti zake wote, lakini si wanawe wa kiume, kwani hao huwapa Y.

Ukimaliza na ukajiona una nusu nyeusi ya selimundu, kapime, na mwenzi wako apime pia kabla ya mimba. Ombeni kipimo kinachotaja aina ya hemoglobini. Kile kinachotafuta S peke yake kitampitisha mwenye hemoglobini ya aina ya C au mbebaji wa beta thalasemia (ugonjwa mwingine wa kurithi wa hemoglobini), na mtoto aliyerithi S upande mmoja na mojawapo ya hizo upande wa pili anaweza kuugua vilevile.