Kufunga begi la au pair: kutoka Kigoma hadi Ujerumani

Mdogo wangu unayekwenda kulea watoto wa familia ya Ujerumani kwa mkataba wa au pair (unaishi nao na kupewa posho), kilo zako ni chache kuliko unavyodhani. Tiketi nyingi za daraja la kawaida zinaruhusu begi la kilo 23, ila isome yako vizuri, maana nyingine za bei ya chini hazina begi kabisa. Wasichana wa hapa Mwanga ninaowafungia mabegi huwa nawaambia hivi: kinachopatikana kule kwa bei nafuu kibaki nyumbani, kisichopatikana kiingie kwanza.

Hatua ya 1: Mkoba wa nyaraka

Huu kabla ya nguo. Pasipoti yenye viza, mkataba na familia, cheti cha Kijerumani cha A1 (ngazi ya mwanzo), karatasi za bima, cheti cha kuzaliwa. Anwani na namba ya simu ya familia ziandike kwenye karatasi, kwa sababu simu huzima chaji pale unapoihitaji. Mkoba unakaa mwilini. Usiuweke kwenye buti la basi wala usiusahau kitandani kwenye treni ya Dar. Nakala moja abaki nayo mama.

Hatua ya 2: Nguo

Koti zito linunue mtumba hapahapa. Kwa joto letu la ziwani hakuna anayeligombania, kwa hiyo bei inazungumzika. (Na huenda lilitoka hukohuko Ulaya, unalirudisha kwao tu.) Funga na fungua zipu mara kadhaa mbele ya muuzaji, kisha geuza ndani ukague bitana. Siku ya safari livae au lishike mkononi, usilipe kilo za begi.

Viatu vya baridi nunua kule, soli za mtumba hupasuka. Lakini usipange kununua kila kitu mwezi wa kwanza: posho ya au pair ni yuro 280 kwa mwezi. Nguo za kazi ziwe za kufulika, maana utashinda sakafuni na watoto. Khanga mbili zinatosha.

Hatua ya 3: Chakula

Hapa ndipo wengi hunyang'anywa vitu uwanja wa ndege. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviingii, hata vikiwa zawadi: samli ya bibi na nyama iliyokaushwa acha. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa matumizi yako, kwa hiyo dagaa na migebuka mikavu ni halali. Asali ya Tabora nayo inaingia, isizidi kilo mbili. Matunda mengi na mboga mbichi hudai cheti cha afya ya mimea, usijisumbue.

Dagaa nunua Kibirizi, waliokauka kiasi kwamba ukimkunja anavunjika. Pepeta mchanga, toa vichwa, kaanga bila mafuta mpaka harufu ipungue, waache wapoe kabisa ndipo uwafunge kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Ukiwafunga wakiwa na joto watatoa jasho na kuota ukungu kabla hujafika.

Mawese yaende chupa moja ndogo, ndani ya kopo jingine, katikati ya nguo nyeusi. Doa lake halitoki. Yakiganda kwa baridi, iweke chupa kwenye maji ya moto.

Hatua ya 4: Vidogo vidogo

Suka nywele kabla ya kuondoka, na beba rasta za ziada. Kusukwa kule ni ghali. Plagi zetu za pini tatu haziingii kwenye soketi zao za matundu mawili ya duara, chukua adapta. Umeme ni volti 230 kama wetu. Pawabenki ikae kwenye begi la mkononi, na vimiminika humo visizidi mililita 100 kila chupa.

Dawa zako ziende na karatasi ya daktari. Ukipata homa wiki za mwanzo, mwambie daktari wa kule mara moja kwamba umetoka eneo lenye malaria. Asipoambiwa anaweza kudhani ni mafua.

Hatua ya 5: Pima

Peleka begi kwa muuza dagaa mwenye mizani ya kuning'iniza, atakupimia bila kelele. Liishie kilo 21, ubaki na nafasi. Kama unapanda ndege Kigoma hadi Dar kwa tiketi ya peke yake, angalia kilo za tiketi hiyo pia na ufuate iliyo ndogo. Likizidi, anza kutoa viatu, dagaa watoke mwisho.