Tiger ya Tunisia: kuchimba historia ya kifaru kimoja kabla ya kufungua gundi

Tiger, kifaru kizito cha Wajerumani wa Vita vya Pili vya Dunia, ndiyo modeli ninayoipenda. Yangu ya kwanza ya kipimo cha 1/35 (mara 35 ndogo kuliko kifaru halisi) niliibandika namba 131, nikaiweka juu ya kabati na kuipiga picha kwa fahari. Mzee mmoja anayeunda modeli tangu enzi za gundi ya mirija aliitazama mara moja tu, akacheka: "Hiki kimetekwa Tunisia kabla magurudumu yake hayajabuniwa." Seti niliyonunua ilikuwa na magurudumu ya chuma, yale yaliyoanza kufungwa kiwandani Februari 1944. Kifaru 131 kilitekwa na Waingereza Aprili 1943. Stika za Tunisia zilikuwemo kwenye boksi, nami nikaziamini.

Tangu hapo nafuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Chagua kifaru kimoja, tena siku moja. Usiseme "naunda Tiger." Kampuni ya Henschel ilitengeneza zaidi ya 1,300 pale Kassel, Ujerumani, kuanzia 1942 hadi 1944, na ilikuwa ikibadilisha vipande karibu kila mwezi. Hata kifaru kile kile hakikufanana Januari na Aprili. Hapa natumia 131, kwa kuwa ushahidi wake ni mwingi na bado kipo, kwenye jumba la makumbusho la vifaru la Bovington, Uingereza.

Hatua ya 2: Tafuta namba ya chasisi. Namba iliyopakwa kwenye mnara (sehemu ya juu inayozunguka na mzinga) hubadilika, ya chasisi haibadiliki. Kikosi cha 501, kilichotangulia kufika Tunisia mwishoni mwa 1942, kilipomezwa na Divisheni ya 10 ya vifaru mwanzoni mwa 1943 kilipaka namba upya: kombania ya kwanza ikaanza na 7, ya pili na 8. Kwa hiyo 112 na 712 ni kifaru kimoja! Ukiwa na picha mbili bila kujua hilo, utadhani una vifaru viwili.

Chasisi ya 131 ni 250122, ya Februari 1943. Namba ya mnarani nayo inasomeka: kombania ya 1, platuni ya 3, kifaru cha 1, kikosi cha 504.

Hatua ya 3: Pitisha tarehe hiyo kwenye ratiba ya kiwanda. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mimi huchora mstari kwenye daftari na kuandika kila badiliko juu yake. Kwa kifaru cha Februari 1943 unapata haya:

Kuba ya kamanda, yaani kijumba kidogo juu ya mnara anakochungulia, ni ile ya mwanzo, imesimama wima kama debe. Ile fupi yenye periskopu pande zote ilikuja katikati ya 1943. Mlango wa dharura wa duara, nyuma ya mnara upande wa kulia, upo, kwa sababu ulichukua nafasi ya tundu la bastola mwishoni mwa 1942. Tundu la kushoto linabaki. Mirija ya kurusha mabomu ya moshi ipo ubavuni mwa mnara. Filta za hewa za Feifel zipo nyuma, pamoja na mabomba yake mapana ambayo watu hupenda kuyasahau. Magurudumu yana mpira pembeni. Injini ni Maybach HL 210, HL 230 ilianza baadaye mwaka huo. Na tafadhali, usipake ule ukandiko wenye mistari wa kuzuia mabomu ya sumaku: ulianza miezi kadhaa baada ya Tunisia kuanguka.

Ukichagua Tiger za mwanzo kabisa, zile za kikosi cha 502 zilizopelekwa upande wa Leningrad Agosti 1942, tazama minyororo. Wa kushoto na wa kulia ilitofautiana kama viatu vya jozi moja.

Hatua ya 4: Hoji picha kama shahidi. Maelezo yaliyoandikwa chini ya picha yasome mwisho. Kwanza hesabu magurudumu, angalia kuba, taa, madigadi. Picha ya Tiger juu ya behewa la treni itakuonyesha minyororo myembamba ya sentimita 52 na magurudumu ya nje yamevuliwa. Vitani ilivaa ya sentimita 72.5. Nimeona mtu akiunda uwanja mzima wa mapambano na kifaru kilichovaa nguo za safari.

Kuhusu rangi, kijivu ni cha Leningrad. Vya Tunisia vilikuwa vya kahawia-manjano, ila kivuli chenyewe bado kinabishaniwa, na vumbi la kule halisaidii. Mimi hutumia RAL 8000 (namba ya rangi ya kahawia-manjano kwenye orodha ya rangi ya Kijerumani) kama msingi na kulala usingizi.

Hatua ya 5: Tafuta makaratasi ya pande zote mbili. Ya Wajerumani yako Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani, tawi la Freiburg. Mengi yaliyotekwa yana nakala za mikrofilamu kwenye hifadhi ya taifa ya Marekani. Shajara za vita za Waingereza waliopigana Tunisia ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, London, kundi la majalada la WO 175. Omba shajara ya siku yako pamoja na siku tatu kabla na tatu baada.

Kwa nini siku hizo za ziada? Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba 131 kilitekwa 21 Aprili 1943 pale Djebel Djaffa. Utafiti wa baadaye, ulioanzia kwenye kumbukumbu za askari wa miguu aliyekuwepo, ulihamisha tukio hadi 24 Aprili, kwenye mlima wa Gueriat el Atach, ambao ramani ziliuita Point 174. Jumba la makumbusho lenyewe lilikubali masahihisho hayo. Kama ungekuwa umeshapaka udongo wa Djaffa, pole.

Hatua ya 6: Kiangalie kilichobaki, kwa tahadhari. Kifaru cha Bovington kilifanyiwa matengenezo makubwa kuanzia 1990 na kikatembea tena 2003. Kimepakwa rangi zaidi ya mara moja. Umbo lake ni ushahidi mzuri. Rangi yake ni maoni ya waliokipaka.

Kovu ndilo la kuaminika. Risasi ya Churchill, kifaru cha Waingereza, ilikwaruza mtutu wa mzinga kwa chini, ikaruka hadi kwenye pete ya mnara, mnara ukakwama na wahudumu wakakiacha. Kwa hiyo amua mapema: ukiweka wahudumu wa Kijerumani juu ya kuba, mtutu uwe laini. Ukikiunda kama Mfalme George VI alivyokikuta Tunis Juni 1943, chukua patasi ndogo uchonge alama hiyo kabla hujagandisha mtutu, maana ukishasimama mahali pake huwezi tena kuingiza mkono.