Somo: Kutuma picha ya kuchekesha au ya ajabu bila kudanganya watu

Ndugu wanachama, salaam. Wiki hii picha ya ndege "aliyegeuka jiwe" Ziwa Natron imerudi tena kwenye kundi letu, na maneno yaleyale: ukigusa maji yale, unaganda papo hapo. Imeniuma, kwa sababu habari ya kweli ya ziwa lile inashinda huo uzushi. Nikaona nikae niandike somo.

Hatua ya 1: Jua picha imetoka wapi

Hapa ndipo wengi wetu tunaporuka. Picha za Natron alizipiga Nick Brandt, zikatoka mwaka 2013. Aliokota ufukweni ndege na popo waliokwisha kufa na kukaushwa na magadi, akawapanga juu ya matawi na mawe kana kwamba wako hai, ndipo akapiga. Hakuna aliyeganda akiruka. Tena ziwa hilohilo ndilo flamingo wadogo wa Afrika Mashariki wanalotegemea kwa kutagia. Matope yake ya magadi yanayounguza huwazuia wanyama wengi wanaokula mayai na makinda wasifike kwenye viota. Kwa hiyo ziwa linaloitwa la mauti ndiyo leba ya flamingo.

Namna ya kukagua: hifadhi picha kwenye simu, ipandishe kwenye Google Lens au TinEye (huduma za kutafuta picha mtandaoni), kisha angalia ilionekana wapi kwanza. TinEye inaweza kukupangia kuanzia ile ya zamani zaidi. Ukihisi imetengenezwa na akili mnemba, ikuze na uhesabu miguu, vidole, masikio. Tazama pia manyoya yanapokutana na majani ya nyuma.

Ila usikimbilie kubisha kila kitu. Septemba 2019, Maasai Mara, alionekana mtoto wa punda milia mwenye madoa meupe badala ya milia. Muongoza watalii Antony Tira, ambaye mnyama huyo amepewa jina lake, mwanzoni mwenyewe alidhani kapakwa rangi. Kumbe ni hitilafu ya rangi ya kuzaliwa nayo.

Hatua ya 2: Piga mwenyewe ukiweza

Mimi napenda kuanza na kinyonga. Milima ya Usambara na Uluguru ina aina zake ambazo dunia inazifuata huku, na mwaka 2006 wataalamu walipounda jenasi mpya (kundi la aina zenye undugu wa karibu) ya baadhi ya vinyonga wa Afrika Mashariki, waliipa jina la Kiswahili: *Kinyonga*. Mtafute usiku. Akilala rangi hupauka, na ukimulika kichaka kwa tochi anaonekana kama jani jeupe. Mwanga utoke ubavuni, usimwashie flashi usoni. Shusha simu mpaka iwe sawa na jicho lake, kisha subiri. Jicho moja litatazama mbele na jingine nyuma, na hiyo peke yake inatosha kuchekesha.

Usimchokoze. Akifutuka na kuachama mdomo, hacheki, ameogopa. Vivyo hivyo kwa nyani anayekuonyesha meno. Picha ya namna hiyo mimi siipokei humu.

Hatua ya 3: Andika maelezo

Mistari miwili inatosha: ni nini, wapi, lini, nani kapiga. Mfano: "Kinyonga amelala, Lushoto, Aprili, nimepiga mwenyewe kwa simu." Basi.

Hatua ya 4: Kiumbe adimu, ficha mahali

Machi 2020, katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, Garissa, ilithibitishwa kuwa twiga jike mweupe na ndama wake wameuawa na majangili. Akabaki dume mmoja mweupe. Viumbe wa namna hii wanawindwa, na vinyonga wanakamatwa na kuuzwa nje. Zima lokesheni kwenye kamera, taja mkoa tu, usitaje kijiji wala mti.

Hatua ya 5: Tuma

WhatsApp huibana picha, hivyo hupoteza ung'avu. Ukiituma kama dokumenti inabaki safi, lakini hula bando zaidi na hubeba taarifa za mahali ulipopigia. Rudia hatua ya 4 kabla ya kubonyeza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, mama yangu hutuma kila anachopokea kwenye kundi la familia. Nimrekebisheje?

Jibu: Usimjibu mbele ya wakwe na wajukuu. Mpigie, msalimie, kisha msimulie habari ya kweli ya flamingo na magadi. Magadi anayajua kuliko wewe, amepikia maharage miaka yote. Mwachie yeye airushe kundini kwa mkono wake.

Swali: Kaka, picha ya tumbili aliyejipiga selfi ni ya nani, tumbili au mwenye kamera?

Jibu: Ilipigwa Indonesia mwaka 2011 kwa kamera ya mpiga picha David Slater. Mwaka 2014 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilieleza kuwa haisajili kazi iliyofanywa na mnyama, na 2018 mahakama ya rufaa huko ikaamua tumbili hawezi kudai hakimiliki. Lakini picha ikipigwa na mtu, jina lake liandike. Usikate maandishi ya pembeni.

Swali: Kuna mashindano ya picha hizi?

Jibu: Yapo, Comedy Wildlife Photography Awards. Yalianzishwa mwaka 2015 na Paul Joynson-Hicks, mpiga picha anayeishi hapa Tanzania, pamoja na Tom Sullam. Mnyama awe wa porini, na picha isichezewe kwa kompyuta. Soma masharti ya mwaka husika.

Swali: Mimi kinyonga namwogopa tangu utoto. Hana sumu kweli?

Jibu: Hana, dada yangu. Ukimshika kwa nguvu anaweza kuuma, ndiyo maana nasema usimshike. Simama hatua mbili, kuza kidogo, piga. Ukimpata mwenye pembe, tuambie ziko ngapi.