Kuomba kupunguziwa kifungo cha zamani cha kraki katika magereza ya shirikisho Marekani

Kwa kosa la shirikisho lililotendwa tangu tarehe 1 Novemba 1987, parole, yaani kuachiliwa mapema kwa masharti, haipo, na kuiomba ni kupoteza muda. Aliyefungwa kwa ajili ya kraki, yaani kokeini ya vipande, ana njia nyingine: kifungu cha 404 cha First Step Act, sheria ya tarehe 21 Desemba 2018.

Zamani gramu 5 za kraki zilimpa mtu angalau miaka 5 ya lazima, na gramu 50 angalau miaka 10. Kwa kokeini ya unga ilibidi uzito uwe mara 100. Mwaka 2010 viwango vya kraki vilipandishwa hadi gramu 28 na 280, lakini waliokwisha kuhukumiwa waliachwa nje. Kifungu cha 404 ndicho kinachowafikia.

Kwanza hakikisha kosa lilitendwa kabla ya tarehe 3 Agosti 2010. Kisha chukua hati ya hukumu kwa karani wa mahakama, utazame namba ya kifungu cha sheria ya dawa za kulevya alichohukumiwa nacho. 841(b)(1)(A) au (B), kwa kraki, inakubalika. (C) haikubaliki, maana haikutaja uzito wowote. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 2021, na inauma, kwa kuwa walioachwa ndio waliokamatwa na kidogo zaidi.

Maombi hupelekwa katika mahakama iliyotoa hukumu; huhitaji kumwandikia mkuu wa gereza kwanza. Usiyaharakishe. Jaji akiyapima kikamilifu na kuyakataa, huruhusiwi kurudi tena kwa kifungu hichohicho. Kabla ya kuyawasilisha, kusanya vyeti vya masomo, rekodi ya nidhamu, barua ya kazi na anwani ya mahali mfungwa atakapoishi: tangu uamuzi wa Mahakama Kuu hiyohiyo wa mwaka 2022, jaji anaweza kuzingatia mwenendo wake gerezani. Ulizia ofisi ya mawakili wa utetezi wa umma ya wilaya hiyo. Ripoti ya ofisa wa probesheni iliyoandikwa kabla ya hukumu ipitie kwa wakili, usimtumie mfungwa. Hairuhusiwi kukaa nayo, kwa sababu wenzake wakiisoma na kuona alishirikiana na polisi, anaweza kudhuriwa.

Kifungo kikishuka kutoka miaka 20 hadi 15, siku anazopunguziwa kwa mwenendo mzuri huhesabiwa upya: hadi 54 kwa kila mwaka wa kifungo kipya, jumla 810. Mwambie aombe gerezani karatasi mpya ya hesabu ya kifungo, na tarehe ya kutoka uihakiki mwenyewe.