Jinsi ya Kumchagulia Mtu Kitabu cha Zawadi ya Krismasi

Kila Desemba inapokaribia, wateja huingia dukani wakiniuliza ni kitabu gani kizuri cha kumpa mtu zawadi. Nami huwauliza kwanza: huyo mtu, mara ya mwisho alimaliza kitabu gani? Wengi hunyamaza, na hapo ndipo kazi ya kuchagua inapoanza.

Hatua ya kwanza: chunguza anachosoma

Andika majina ya wote utakaowapa vitabu, na mbele ya kila jina uandike kitabu kimoja ambacho mhusika alikimaliza kwa hiari yake. Ukipata nafasi ya kufika kwake, itazame rafu yake kwa makini. Kitabu kilichosomwa hujulikana: mgongo wake una mikunjo, pembe za jalada zimelegea, na baadhi ya kurasa zimekunjwa ncha. Kile kilichonunuliwa kikawekwa tu hubaki kimenyooka, au huwa na kipande cha karatasi kilichochomekwa kwenye ukurasa wa 20 na hakikusogea tena.

Usiishie kwenye mada. Mama mmoja alitaka kumnunulia mumewe kitabu kinene cha historia ya vita, kwa kuwa rafu ya mumewe ilijaa vitabu vya vita. Nilimwomba arudi nyumbani akaangalie ni vipi vilivyochakaa. Akaniletea habari kwamba ni viwili tu, na vyote ni tawasifu za askari. Kumbe mzee huyo alichokipenda si vita, bali mtu anayesimulia maisha yake kwa kinywa chake mwenyewe. Tulimchagulia tawasifu ya daktari, na mwezi Januari mama alirudi kuuliza kama mwandishi yule ana kitabu kingine.

Kwa sababu hiyo nawasihi wanunuzi wasitumie zawadi kumrekebisha mtu. Kitabu cha kupunguza uzito au cha kuacha uvivu, hata kikiwa kizuri namna gani, anayekipokea mbele ya jamaa zake huhisi amesutwa.

Hatua ya pili: kwa mtoto, pima uwezo wake wa kusoma

Umri ulioandikwa nyuma ya jalada ni makadirio tu. Mpe mtoto ukurasa mmoja wa kitabu kinacholingana na hicho unachokusudia kununua, asome kwa sauti, na kila anapokwama kwenye neno akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikikunjwa kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho bado ni kigumu kwake kukisoma peke yake. Hata hivyo, kama kuna mtu mzima atakayemsomea, chagua cha juu zaidi bila wasiwasi, kwa maana mtoto huelewa kwa kusikia maneno mengi ambayo bado hawezi kujisomea. Wale wachanga ambao bado hutia kila kitu mdomoni wapewe vitabu vya kurasa za kadibodi nene.

Hatua ya tatu: kikague kitabu chenyewe

Soma ukurasa mmoja wa katikati, kwa kuwa kurasa za mwanzo waandishi huzipamba mno. Kisha fungua ukurasa wa hakimiliki uone toleo, mwaka na jina la mfasiri, na uhakikishe kuwa kitabu hakikufupishwa ikiwa ulikusudia kizima. Kama ni sehemu ya mfululizo, thibitisha ni juzuu ya ngapi: niliwahi kumpa mpwa wangu juzuu ya pili, naye hakupata raha ya kuisoma hadi nilipomtafutia ya kwanza.

Ukiagiza kwa njia ya intaneti, linganisha namba ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, ambayo tangu 2007 ina tarakimu 13. Chapa ya jalada gumu na ya jalada jepesi huwa na namba tofauti, ingawa kitabu ni kile kile. Msomaji ambaye macho yake yamechoka mtafutie chapa ya maandishi makubwa, ya pointi 16 au zaidi, na anayesoma akiwa amelala usimpe kitabu kizito cha jalada gumu.

Hatua ya nne: acha nafasi ya kubadilisha

Nunua mapema, utunze risiti, na uulize muda wa mwisho wa kurudisha. Maneno yako yaandike kwanza kwenye kadi, kwani kitabu kilichokwisha kuandikwa ndani kwa kalamu hakibadilishiki dukani. Taja humo sababu iliyokufanya umchagulie yeye kitabu hicho. Akishakwambia kuwa hana nakala nyingine, mwombe akupe kitabu, uyahamishe maneno hayo kwa kalamu kwenye karatasi tupu ya mwanzo, pamoja na jina lake na mwaka.