We ni polisi mweusi Marekani na maandamano yameanza: jipange hivi

Hii nawaandikia ndugu zetu weusi waliovaa sare ya polisi kule Marekani, uwe umezaliwa kule au umehamia, na hata mzazi ambae kijana wake ndo kwanza kaomba hiyo kazi. Maandamano ya kupinga polisi kuua watu weusi yakilipuka unabanwa huku na huku, mbele yako watu wa rangi yako wanakuita msaliti, nyuma yako wenzako wanakuangalia kwa jicho la pembeni waone utasimama na nani. Kila mtu anataka uchague, ngozi au beji. Achana na swali hilo, ngozi huivui na beji umeshaiapia. Jiulize hivi: mwenzangu akianza kumuumiza mtu mbele ya macho yangu nafanya nini? Na jibu uwe nalo kabla hujatoka kituoni.

Kwa nini kabla, angalia Minneapolis, tarehe 25 Mei 2020. Polisi mzungu Derek Chauvin kamwekea George Floyd, mtu mweusi, goti shingoni zaidi ya dakika 9, Floyd akafa, na mmoja wa waliomshikilia Floyd pale chini ni polisi J. Alexander Kueng, kijana mweusi, yuko kwenye zamu zake za mwanzo mwanzo kabisa, na Chauvin ndo alikuwa mkufunzi wake. Kueng akapima mapigo ya moyo, akasema hayapati, na bado wakaendelea kumkandamiza vilevile. Yani aliona, akasema kwa mdomo wake, ila hakuinuka kwa sababu mkubwa wake hakuinuka. Mahakama haikumwachia kwa ugeni wake, alipewa miaka 3 kwenye kesi ya shirikisho na miaka 3 na nusu kwenye ya jimbo.

Kwa hiyo mwanzo wa zamu, mkiwa bado kwenye gari, mwambie mwenzako wazi kabisa: nikikushika bega nikasema niachie mimi, unainuka hapo hapo bila maswali, na wewe ukinishika mimi nainuka. Mkikubaliana hivyo mapema mtu anapata njia ya kutoka bila kuaibika, hasira zikishapanda hakuna wa kusikia hotuba. Polisi wa New Orleans walianza kufundishana kuzuiana namna hii toka 2016, kwenye programu yao ya EPIC. Asipoinuka mtoe kwa mkono, na sema kwa sauti unachofanya ili kamera yako irekodi. Ripoti andika usiku huo huo, na usiandike ya kufanana na ya wenzako ili tu mambo yaishe.

Sasa gharama, maana ipo. Cariol Horne, polisi mweusi wa Buffalo, mwaka 2006 aliingilia akisema mwenzake mzungu anamkaba mtu aliyefungwa pingu. Mwaka 2008 akafukuzwa, ana miaka 19 kazini, na pensheni aliyobakiza mwaka mmoja kuifikia ikaenda. Ilibidi asubiri mpaka 2021 ndo jaji akamrudishia, na mji ukawa umeshatunga sheria yenye jina lake ya kumlinda polisi anaeingilia. Inaniuma kila nikiifikiria, ila ndo inakuonyesha cha kuandaa: weka akiba ya miezi kadhaa, na tafuta wakili wako mwenyewe, kwa sababu chama cha wafanyakazi ambacho na wewe unakichangia kinaweza kuwa kinamtetea yule uliyemripoti. Muulize wakili kabla ya kupeleka malalamiko ya maandishi, maana toka 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema maneno unayoyatoa kama sehemu ya kazi yako ya serikali hayalindwi na uhuru wa kujieleza wa kikatiba, utahitaji kinga ya sheria nyingine.

Usibaki peke yako pia. Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, waliwauliza polisi karibu 8,000, matokeo yakatoka 2017, na 57% ya polisi weusi walisema vifo vya weusi mikononi mwa polisi ni dalili ya tatizo kubwa zaidi, wazungu waliosema hivyo ni 27%. Kwa hiyo hujachanganyikiwa, wenzako wanaliona. Kuna chama cha polisi weusi, National Black Police Association, toka 1972, na NOBLE, cha viongozi weusi wa polisi, toka 1976, jiunge mambo yakiwa shwari, usingoje mpaka uwe na kesi.

Ukiwa kwenye mstari wa maandamano, namba ya beji ionekane, ukitukanwa usijibizane, akija mtu mzima anataka kuongea msikilize. Na hili la polisi kupiga goti kuonyesha yuko pamoja na waandamanaji nalisema kwa moyo wote: usipige goti jioni mbele ya kamera kama usiku utawarushia watu wale wale mabomu ya machozi, utakuwa umewaumiza mara mbili.

Nyumbani waambie watoto ukweli wa kazi yako kabla hawajausikia shuleni.

Na ukifika mahali unataka kuacha kazi, usiache siku ya hasira. Angalia kwanza pensheni imebakiza miaka mingapi, weka nakala za yale unayoruhusiwa kisheria kuwa nayo, ongea na wakili, halafu barua ya kuacha iseme wazi uliona nini na lini.