Kupima Vibanja vya Kahawa kwa Soko la Ulaya: Hatua kwa Karani wa AMCOS

Mara ya kwanza AMCOS yetu, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, ilipopima vibanja (mashamba ya kahawa), wakulima 40 walitokea kwenye ramani wakiwa na pointi moja ya GPS: ya banda la mizani. Karani alikuwa amewasajili wakiwa kwenye foleni. Tulirudia kazi yote kwa miguu, na hatua hizi zimetokana na marudio hayo.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115 inataka kahawa isitoke kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020, na iwe imelimwa kwa kufuata sheria za nchi. Imeahirishwa mara mbili. Sasa inaanza Desemba 30, 2026 kwa kampuni kubwa na za kati, na Juni 30, 2027 kwa zile ndogo. Tamko la kuthibitisha hayo hujazwa na mwagizaji huko Ulaya, ila hana cha kujaza kama hujampa pointi za vibanja.

1. Safisha daftari la wanachama

Fanya hivi kabla ya msimu. Utakuta marehemu, vibanja vilivyogawiwa watoto, na mama mjane anayeuza kwa jina la mumewe. Andika anayelima sasa. Mwenye vibanja viwili anahitaji pointi mbili. Omba ridhaa yake, kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inavyotaka, na umwachie nakala ya vipimo. Kibanja ni chake, na vipimo ni vyake.

2. Ingia kibanjani

Kibanja kisichozidi hekta 4, yaani karibu ekari 10, kinatosha pointi moja. Karibu vyote vya kwetu Karagwe, mkoani Kagera, viko hivyo. Kikizidi hapo, zunguka mpaka wote. Simama katikati ya mibuni, mahali penye uwazi, usubiri simu itulie hadi kosa la GPS lishuke chini ya mita 5. Nambari ziwe na tarakimu 6 baada ya nukta.

3. Kagua nambari jioni hiyohiyo

Latitudo yetu ina alama ya kutoa. Ikidondoka, kibanja cha Karagwe kinahamia Uganda, upande wa Ziwa Albert. Faili la GeoJSON, yaani lile la kuhifadhia pointi za ramani, nalo hutanguliza longitudo. Ukizigeuza, mkulima wako anaonekana jangwani Algeria. Fungua ramani, tazama kila pointi.

4. Linganisha na picha ya setilaiti ya 2020

Hapa ndipo wakulima wetu wanapoweza kuonewa. Kahawa ya Kagera hukua chini ya migomba na miti ya kivuli kama mihumula na grivelia, na setilaiti ikitazama kutoka juu huona msitu. Mzee aliyerithi kibanja kwa babu yake anaweza kuwekwa alama nyekundu, wakati hajakata chochote. Usimfute. Kwa kanuni hiyo, msitu ni eneo linalozidi hekta 0.5, lenye miti ya zaidi ya mita 5 na kivuli cha zaidi ya asilimia 10, lakini ardhi inayotumika hasa kwa kilimo haihesabiwi. Kibanja ni kilimo. Tafuta picha za miaka ya nyuma kwenye Google Earth, piga picha za mibuni mikongwe, chukua barua ya mtendaji wa kijiji inayosema kibanja kina umri gani. Weka vyote kwenye jalada la mkulima huyo.

Shamba lililofunguliwa kweli msituni baada ya 2020 ni jambo lingine. Kahawa yake isiingie kwenye mzigo wa Ulaya.

5. Linda mzigo

Gunia moja lisilojulikana lilikotoka likichanganywa na mengine, mzigo wote unakosa sifa. Kila stakabadhi ibebe namba ya kibanja, na rundo la Ulaya likae peke yake ghalani na wakati wa kukoboa.

Adui mkubwa hapa ni butura, yaani kuuza kahawa kabla haijavunwa. Kahawa iliyouzwa ingali mtini huja mizanini kwa jina la mtu mwingine. Linganisha kilo na idadi ya mibuni. Mwenye nusu ekari akileta magunia yasiyolingana na miti yake, mwite kando, muulize kwa upole. Mara nyingi utasikia habari ya ada ya shule au mgonjwa. Sisi tulipoanza kutoa mkopo mdogo kabla ya mavuno, majibu ya namna hiyo yalipungua.